Safu ya "Asipewe"

Jumatano, 3 Februari

Wifi,

Nimefika salama kwa dada, kama kubebwa mzobemzobe mpaka kitandani ndiko kufika salama. Plasta imepanda hadi gotini na daktari amesema wiki nane, wala hakuona haya kuzitamka. Wiki nane kwa sababu ya kiti kilicholegea na kitabu kilichowekwa rafu ya juu kabisa na mtu ambaye simtaji, ila yeye na gundi ni chanda na pete.

Mkuu wa maktaba ananiambia wewe ndiye utakayekaa kwenye kona yangu ya vijana mpaka nirudi. Sawa. Afadhali wifi kuliko mgeni. Nimesikia pia kwamba hukuteuliwa, ulinyoosha mkono mwenyewe kikaoni. Hilo tutaliongea siku nyingine.

Sikiliza basi. Pale kona pana sanduku la mbao na vikaratasi. Mtoto anajaza mambo matatu: kitabu cha mwisho nilichokipenda, nisichotaka, na leo najisikiaje. Anatia jina la utani, anatumbukiza. Wewe unasoma, unamtafutia kitabu, unaandika maneno mawili matatu nyuma ya kikaratasi, unakichomeka ndani ya kitabu, unakiweka rafu ya kusubiri. Basi. Humwiti mtoto, humuulizi "unataka kitabu gani" mbele ya wenzake. Mwenye miaka kumi na minne ukimuuliza hivyo atakujibu "chochote", na kitabu kinachoitwa Chochote hatuna.

Wa kumwangalia zaidi ni Sweta. Msichana wa miaka kumi na mitano, sweta la kijivu linamfika mapajani, jua liwake lisiwake. Miaka miwili sijaisikia sauti yake, lakini vikaratasi vyake nimeshajibu zaidi ya mia. Huyo ni wangu. Usimsemeshe.

Simu yangu nilianguka nayo, ikafa kabla yangu. Mpe barua dereva wa gari la vitabu, hupita tawi la huku kila Alhamisi asubuhi na kugeuza mchana.

Wifi yako,
Mama Kona


Jumatano, 10 Februari

Wifi yangu mwenye mguu wa dhahabu,

Pole, na pole tena. Kile kitabu nilikiweka juu gundi ikauke, nikabandika karatasi: KISIGUSWE. Herufi kubwa. Lakini wewe tangu lini ukasoma kilichoandikwa na mtu wa chumba cha nyuma?

Ndiyo, nilinyoosha mkono. Miaka kumi na moja nashona migongo ya vitabu na kuvipaka gundi, sijawahi kumwona mtu akivisoma. Nikasema acha nikaone vinakokwenda.

Sasa nicheke. Siku ya kwanza sandukuni mlikuwa na vikaratasi kumi na tisa. Nimejibu vyote, nimekosea kumi na saba. Yule wanayemwita Goli, asiyesoma kitu kisicho na mpira ndani, nilimpa hadithi ya mshona viatu kwa kuwa jaladani niliona kiatu. Alikirudisha kabla sijakaa vizuri.

Watoto wanasema una daftari. Kila mmoja ana ukurasa wake, na kila ukurasa una safu tatu: alipenda, aliacha, asipewe. Goli anaapa umeandika kwamba yeye hulia farasi akifa. Wifi, nipe hilo daftari. Nimepekua droo zote nimepata kalamu zilizokauka na pipi moja, nimeila.

Kaka yako anakusalimu. Anasema nyumba imetulia tangu uondoke. Mimi sijasema.

Wifi yako,
Bi Gundi


Alhamisi, 11 Februari

Wifi,

Naandika haraka, dereva anapiga honi.

Daftari sijui liko wapi. Nadhani lilibaki wodini siku ile, kwenye ule mvurugano wa machela na kelele. Limepotea, ndiyo hivyo. Itabidi uwajue watoto kama nilivyowajua mimi, taratibu, kwa miaka.

Kumi na saba kati ya kumi na tisa si vibaya kwa mwanzo. Pole.

Mama Kona


Jumatano, 17 Februari

Wifi,

Kaa vizuri, uweke mguu juu ya mto, nina habari.

Baada ya kuchemsha vile, nilijiambia: mimi kuchagulia watu vitabu sijui, ninachojua ni gundi. Nikabeba meza yangu toka chumba cha nyuma, nikaiweka pale kona na brashi nne na rundo la vitabu vilivyochanika. Sikumwita mtu. Wakaja. Mikono ikishika kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Na nimegundua jambo ambalo nilikuwa nalo miaka yote bila kulijua: kitabu kilichochakaa ndicho kilichopendwa. Kinafunguka chenyewe pale watu waliporudia. Sasa mtoto akitaka kitabu namwambia chagua kilichoumia zaidi, ukitengeneze, kisha uondoke nacho. Goli ameondoka na vitatu.

Sasa hili. Jumamosi Sweta alikuja akasimama pembeni, hatua nne, mikono ndani ya mikono ya sweta. Nilikumbuka maneno yako, nikanyamaza. Akasogea. Akashika brashi. Akafanya kazi kama nusu saa, halafu akasema, kwa sauti nzito kidogo hivi, "Umeweka gundi nyingi mno." Mimi! Nikacheka mpaka mkuu akachungulia. Na yeye akacheka, wifi. Ana mwanya.

Tangu hapo huja kila siku na kukaa kiti cha karibu yangu. Jana alikuwa anabandika jalada la Vikombe Viwili Mezani, lile lenye mama na binti wanakunywa chai. Akaliangalia, akaliangalia, akaniuliza kama ni kizuri. Nimekisoma nusu tu, kinachekesha, yule mama ana mdomo kama wako. Nikamwambia nitamuuliza anayejua. Wewe umekisoma? Nimpe? Na je, kuna lolote la mtoto huyu ninalopaswa kulijua?

Bi Gundi


Alhamisi, 18 Februari

Wifi,

Meza ya gundi kwenye kona ya vijana! Hiyo ni maktaba au karakana? Watu wamesomea kazi hii, wifi. Mimi nimekaa darasani miaka mitatu nikijifunza namna ya kumtafutia msomaji kitabu, kumbe ilitosha kununua brashi. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema waliosema.

Nami nakumbuka mengine. Kaka yangu nilikuwa naye mimi, tukila sahani moja, mpaka ulipokuja ukakaa kiti cha karibu. Sikusema kitu. Sasa umefika kwenye kona yangu. Ukimaliza hapo uje uchukue na hili godoro la dada.

Nafurahi kwamba Sweta anacheka.

Vikombe Viwili Mezani nimekisoma. Kizuri. Mpe. Hakuna cha zaidi cha kujua.

Mama Kona


Alhamisi, 18 Februari
(hii haikutumwa)

Wifi,

Gari limeshaondoka na ile barua nyingine. Hii naiandika nikiwa nimelikalia daftari. Halikupotea. Liko chini ya mto tangu siku nilipofika, dada akitandika kitanda nalihamishia tumboni.

Ukurasa wa Sweta ndio mrefu kuliko wote. Kwenye safu ya asipewe nimeandika mstari mmoja na kuupigia wino mara mbili: kitabu chochote ambamo mama anakufa. Wake alikufa miezi miwili kabla mtoto hajaanza kuja maktaba. Sweta lile ni la mama yake. Aliniandikia mwenyewe, kwenye kikaratasi cha tatu, pale palipoulizwa leo najisikiaje. Na mama wa kwenye Vikombe Viwili Mezani anakufa mwishoni, unabaki mezani mkono mmoja na kikombe kimoja. Mimi nilililia lile hitimisho, na mama yangu mzima anatafuna karanga huko nje.

Nimesema "mpe".

Sijui una nini wewe. Miaka miwili! Miaka miwili nimemjibu mtoto yule kwa mwandiko wangu mzuri, nikamchagulia vitabu mia na kitu bila kukosea hata kimoja, na hajanipa hata "asante" ya mdomo. Wewe unamwaga gundi nyingi mezani, anacheka. Ana mwanya, unaniambia. Mwanya wa Sweta nasimuliwa!

Nina roho ya kwa nini, wifi, nailea kama mtoto. Nataka akikasirikie kitabu chako. Nataka atupe brashi aende kwenye sanduku aandike: yule mwingine atarudi lini?

Alhamisi ijayo nitakuandikia ukweli. Atakuwa hajafika mwisho.

Mama Kona


Jumatano, 3 Machi

Wifi,

Alhamisi iliyopita dereva alisema hukuwa na barua. Nami sikuwa na nguvu ya kuandika.

Sweta hajaonekana siku kumi na mbili. Nilimpa kitabu Ijumaa ile, barua yako nikiwa nayo mfukoni. Jumamosi hakuja. Jumatatu hakuja. Nikadhani mafua. Wiki ya pili Goli, anayekaa mtaa mmoja naye, akaniambia anakwenda shule na kurudi, akifika anajifungia chumbani, hata shangazi yake anayemlea haongei naye. Ndipo Goli akaniambia habari za mama yake. Akaniambia habari za sweta, kwamba mtaa mzima walimwona nalo mama yake. Akanitazama: "Kwani ulikuwa hujui? Mama Kona anajua."

Nikaenda ghala, nikatafuta nakala nyingine, nikasoma ile nusu niliyoiacha. Nimesoma nimesimama. Wifi, nilitaka kukila kile kitabu nikimeze kisiwepo.

Nimewaza sana. Wewe umesoma vitabu maelfu, huwezi kukumbuka kila mwisho. Na daftari lilipotea. Huwezi kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni mtu wa gundi anayempa mtoto kitabu alichokisoma nusu. Ulikuwa sawa, kazi hii ina wenyewe. Nimerudisha meza chumba cha nyuma, na Ijumaa nitamwomba mkuu alete mtu mwingine mpaka upone.

Nisamehe, nimekuharibia mtoto wako.

Bi Gundi


Alhamisi, 4 Machi

Wifi,

Usimwombe mkuu chochote. Nimemsihi dereva asubiri, na amekubali kwa kuwa dada amemwekea chai.

Nilikumbuka mwisho wa kitabu kile neno kwa neno. Na daftari hili hapa, nimempa dereva pamoja na barua. Halijawahi kuondoka kitandani kwangu. Soma ukurasa wa Sweta, kisha usome barua niliyoikunja ndani yake. Niliiandika siku ileile niliyokwambia "mpe", na sikuituma. Alhamisi iliyofuata niliikunja tena. Nilijiambia labda hatafika mwisho. Mtoto anayesoma kitabu kwa siku mbili!

Huu mwezi wote nimekuwa nikikulaumu kwa kukaa kwenye kiti changu, kumbe kiti changu ndicho kilikuwa kinaniuma. Ilibidi niumize yatima ili nikurudishe chumba cha nyuma. Nimefaulu. Umerudi na meza yako, na mimi nimelala hapa, chakula cha mchana nimekirudisha jikoni kilivyokuja.

Sijui niseme pole kwa nani kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini rudisha meza, wifi. Akirudi asikute ukuta mtupu.

Mama Kona


Jumatano, 17 Machi

Mama Kona,

Wiki iliyopita sikukuandikia. Kila nilichoanza hakikufaa kubebwa kwenye gari lenye vitabu vya watoto.

Daftari nimelisoma. Barua nimeisoma mara moja, imetosha. Ati umejilaumu, umekosa hamu ya kula. Mtoto alikaa gizani siku ngapi? Kaka yako sijamwambia, na nimemweleza kila kitu kingine tangu anioe, kwa hiyo ujue unanigharimu nini.

Sasa sikiliza, maana haya si yangu peke yangu. Meza niliirudisha, na sanduku sasa watoto wanalijibu wenyewe kwa zamu. Jumamosi iliyopita, karibu na kufunga, Sweta akaja. Akatoa kile kitabu chini ya sweta. Kurasa za mwisho hazimo. Alikuwa amezichana zote, moja moja, na kuziweka mfukoni mwa sweta zikiwa zimekunjwa vizuri. Akazipanga mezani akasema, "Nataka gundi."

Tukakaa. Yeye anapaka, mimi nabandika. Tulipofika kama ya tano akaniuliza bila kunitazama, "Nani alisema nipewe hiki?"

Nikasema, "Mimi."

Akapaka ukurasa mwingine. Kisha akaanza kuongea, wifi, na sikumkatiza hata mara moja. Akasema miaka miwili amepewa vitabu ambamo mama yuko jikoni anaita watoto waje kula. Kila kitabu. Akadhani duniani kote ni yeye tu aliyefiwa, kwamba ni jambo la aibu hata vitabu havilitaji. Akasema hiki alikichana kwa hasira, kisha akakisoma tena kwenye vipande, mara nne. Akasema, "Yule binti anaosha kikombe cha mama yake kila siku. Mimi nilidhani nina wazimu, kwa kuvaa hili." Halafu akanishukuru.

Asante ile si yangu, na wewe hustahili nikuletee. Sijui ya nani. Imekaa tu pale mezani.

Na usidhani nilikusitiri kwa sababu ya undugu. Nilisema "mimi" kwa kuwa mtoto yule hana watu wa akiba wa kupoteza.

Bi Gundi


Alhamisi, 18 Machi

Wifi,

Nimesoma barua yako na nitakwambia ukweli, maana uongo nimeshaumaliza wote. Nilipofika pale alipokushukuru, nililia kwa furaha kwamba amerudi. Kisha, chozi halijakauka, ile roho ikanyanyuka tena: hata ubaya nilioutenda mimi, asante ameipata wifi! Nikajicheka peke yangu, dada akadhani ni dawa.

Halafu nikafikiria ile mia na kitu. Bila kukosea hata kimoja, nilijisifu. Miaka miwili nimemzungushia ukuta wa akina mama wazima, nikauita ujuzi.

Usinisitiri. Nimejaza kikaratasi, kimo ndani ya bahasha hii. Kitumbukize sandukuni siku ya zamu yake. Usimpe mkononi, usimweleze kitu, acha akikute.

Wifi yako, kama bado,
Mama Kona

[Kikaratasi]

Kitabu cha mwisho nilichokipenda: Daftari langu. Nililipenda kuliko watu walioandikwa ndani yake.

Nisichotaka: Kusitiriwa. Sweta, aliyesema upewe Vikombe Viwili Mezani ni mimi. Nilijua kuhusu mama yako na nilijua kinavyoisha. Nilitaka kikuumize ili umwache Bi Gundi urudi kwangu.

Leo najisikiaje: Aibu. Na wivu, bado.

Naomba kitabu.

Jina la utani: Mama Kona


Jumatano, 24 Machi

Mama Kona,

Shikamoo. Nina hasira na wewe, lakini shikamoo.

Kikaratasi chako nimekikuta mimi kwa sababu siku hizi sanduku tunajibu wenyewe kwa zamu, na Jumatano ni yangu. Goli alitaka kujibu yeye, nikamnyang'anya. Angekupa kitabu cha mpira.

Nilikuwa nimeshajua. Siku ile nilipomuuliza Bi Gundi nani alisema nipewe, alisema "mimi", na papo hapo akabandika ukurasa wa 143 kichwa chini miguu juu. Mtu wa gundi miaka kumi na moja. Nikaona, yeye hakuona. Sikumwambia kwa sababu alikuwa anajitahidi sana. Nikajiuliza ni nani ambaye anaweza kumsitiri kwa uongo hivyo, nikakumbuka alivyosema atamuuliza anayejua.

Nimekaa na kikaratasi chako saa nzima. Nilitaka kuandika "hatuna kitabu chako". Halafu nikakumbuka kile kikaratasi changu cha tatu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kuhusu sweta, nikakwambia wewe, na nyuma yake uliandika: "Livae mpaka utakapochoka, hapa hakuna atakayekuuliza." Na kweli hakuna aliyeniuliza. Ninacho mpaka leo. Kwa hiyo sijui nikuweke wapi. Bado nafikiri.

Kitabu nilichokuchagulia ni hikihiki tulichokibandika, dereva atakupa. Usirukie mwisho eti kwa kuwa unaujua. Anza mwanzo. Ukifika ukurasa wa 143, kigeuze.

Ni siku kumi na nne kama kawaida. Bi Gundi anasema plasta inakatwa wiki ijayo, basi usimpe dereva akirudishe. Kilete mwenyewe, hata kwa magongo. Nitakuwa pale mezani.

Na ukifika, nisemeshe.

Sweta